Mnyororo wa Nanga: Jinsi ya Kuuchagua na Kuufunga kwenye Chombo Kidogo cha Uvuvi

Mwenye chombo anaponunua mashine, nyavu au boti mpya ya faiba, huuliza maswali mengi na kulinganisha bei kabla ya kutoa pesa. Nanga nayo mara nyingi hupata kilichosalia: nondo nne zilizochomelewa kwa fundi wa jua kali, na kamba kuukuu iliyotolewa kwenye wavu. Siku ya shwari hakuna anayeona tofauti. Tofauti huonekana usiku wa kusi, mashine ikiwa imezima, mwamba uko nyuma na kamba inasuguliwa na matumbawe.

Makala haya yanawaeleza wavuvi wa Kaunti ya Kilifi, wenye vyombo na viongozi wa Vikundi vya Usimamizi wa Fuo (BMU) namna ya kuchagua mnyororo wa nanga, kuufunga na kuutunza. Jambo kuu ni moja: nanga peke yake haishiki. Kinachoifanya ishike ni zile mita chache za mnyororo zinazofuata baada yake, pamoja na viungo vinavyouunganisha mnyororo huo na chombo.

KWA NINI MNYORORO, NA SI KAMBA TUPU

Nanga imeundwa kuvutwa kwa ulalo. Ikivutwa sambamba na sakafu ya bahari, makucha yake huzama mchangani au kwenye matope, na kadiri inavyovutwa ndivyo inavyozidi kuzama. Ikivutwa kuelekea juu, makucha hung'oka na nanga huanza kuburuta. Kamba tupu ni nyepesi. Upepo ukivuta chombo, kamba hunyooka kutoka omo hadi kwenye nanga na kuinua mti wa nanga. Mnyororo ni mzito, hivyo hulala chini na kuilaza nanga pia.

Kazi ya pili ni kupunguza mishtuko. Wimbi likiinua omo, chombo huvuta ghafla. Sehemu ya mnyororo huinuka kutoka chini kabla nguvu yote haijafika kwenye nanga, kisha hushuka tena wimbi linapopita. Mshtuko ambao ungeing'oa nanga huishia katika uzito wa mnyororo.

Kazi ya tatu ni kustahimili msuguano. Katika pwani ya Kenya hii ndiyo inayookoa vyombo vingi. Matumbawe yana makali kama msumeno. Kamba ya nailoni yenye uwezo wa kuinua gari dogo inaweza kukatika kwa saa chache ikisuguliwa kwenye mwamba na chombo kinachoyumba. Mnyororo hukwaruzwa lakini hauliwi haraka hivyo.

BAHARI YA KILIFI INADAI NINI

Sakafu ya bahari katika kaunti hii si moja. Watamu, Mayungu na Kuruwitu kuna mwamba, na ndani yake mchanga na majani ya bahari. Ndani ya hori la Kilifi na Mida, karibu na mikoko, kuna matope. Upande wa Ngomeni, katika Ghuba ya Ungwana, kuna mchanga na matope, na maji hubaki ya kina kidogo hadi mbali na nchi. Nanga ya makucha manne hushika vizuri kwenye mwamba lakini huburuta kwa urahisi kwenye matope laini. Nanga yenye mabamba mapana hufanya kinyume chake. Nanga yoyote kati ya hizo huhitaji mnyororo.

Maji nayo hupanda na kushuka sana. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu hufikia karibu mita 4. Kamba iliyotosha wakati wa kupwa inaweza kuwa fupi mno saa sita baadaye.

Kuna jambo lingine ambalo kila nahodha analijua lakini wengi hawalitilii maanani wanapotengeneza nanga. Sehemu nyingi za pwani hii, sakafu ya bahari hushuka ghafla muda mfupi baada ya mwamba wa nje. Ukishapita ukingo huo, kamba yoyote iliyomo chomboni haifiki chini. Wakati wa kusi, mkondo wa bahari huelekea kaskazini, na chombo kilichozimikiwa na mashine huchukuliwa nao. Nanga ina nafasi ya kusaidia katika dakika za mwanzo tu, kina kikiwa bado kinafikika. Kwa sababu hiyo lazima iwe tayari omoni, imeshafungwa na kamba imepangwa. Haifai kuwekwa chini ya nyavu na ndoo za barafu.

KUCHAGUA MNYORORO

Mnyororo huuzwa kwa mita na hutambuliwa kwa unene wa chuma cha pete zake. Uzito wake kwa makadirio ni huu:

• Mnyororo wa milimita 6: kilo 0.8 hivi kwa kila mita.
• Mnyororo wa milimita 8: kilo 1.4 hivi kwa kila mita.
• Mnyororo wa milimita 10: kilo 2.2 hivi kwa kila mita.

Urefu wa mnyororo usipungue urefu wa chombo chenyewe. Kwa chombo kinacholala karibu na mwamba, kuongeza mita mbili au tatu ni busara. Mwongozo ufuatao unafaa kwa vyombo vingi vya wavuvi wadogo:

• Mtumbwi, hori au ngalawa isiyozidi mita 5: mnyororo wa milimita 6, mita 5, pamoja na kamba ya milimita 10.
• Dau au boti ya mita 5 hadi 7: mnyororo wa milimita 8, mita 6 hadi 8, pamoja na kamba ya milimita 12.
• Mashua au boti ya faiba ya mita 7 hadi 10: mnyororo wa milimita 8 au 10, mita 10, pamoja na kamba ya milimita 14.

Mita 8 za mnyororo wa milimita 8 zina uzito wa kilo 11 hivi. Ukiongeza nanga, huo ni mzigo ambao baharia mmoja mwenye nguvu anaweza kuuvuta kwa mikono. Mnyororo mzito kupita kiasi nao una hatari yake: watu wakichoka kuuvuta, huanza kuuacha nyumbani.

Mambo matatu yaangaliwe dukani.

Kwanza, pete ziwe fupi. Mnyororo wa pete fupi hujikunja vizuri juu ya mwamba na kwenye ukingo wa omo, na kila mita yake hubeba chuma kingi zaidi. Pete ndefu hupinda zinapobanwa kwenye jiwe.

Pili, mnyororo uwe umechovywa kwenye zinki ya moto. Mnyororo wa namna hii huwa na rangi ya kijivu iliyofifia, na ukiugusa huhisi mparuzo kidogo. Ule unaometameta kama kijiko kipya kwa kawaida umepakwa zinki nyembamba sana. Unafaa kufungia lango, lakini baharini huanza kutoa kutu baada ya muda mfupi.

Tatu, chuma cha aina moja kitumike kuanzia kwenye nanga hadi kwenye kamba. Chuma kisichoshika kutu kikikutana na chuma cha zinki ndani ya maji ya chumvi, zinki huliwa upesi na kutu huanzia hapo hapo kwenye kiungo.

Mnyororo wa kufungia ng'ombe, mnyororo wa pikipiki na vipande vilivyotolewa kwenye lori si mbadala. Nguvu yake haijulikani, na pete za aina hizo mara nyingi hufunguka kwenye maungio.

KAMBA INAYOFUATA MNYORORO

Kamba ya nailoni ndiyo inayofaa zaidi. Huzama, na hunyumbuka inapovutwa, hivyo hupunguza mshtuko wa mawimbi. Kamba ya plastiki inayoelea, ambayo wengi huipenda kwa bei yake, ina kasoro tatu. Huelea juu ya maji na kunaswa na rafadha za boti nyingine, hainyumbuki vya kutosha, na jua huila hadi nyuzi zikawa unga. Mvuvi asiyeweza kununua nailoni ya kutosha basi atumie mnyororo mrefu zaidi na aibadilishe kamba hiyo mara nyuzi zinapoanza kukatika mkononi.

JINSI YA KUFUNGA

Uimara wa kifaa chote ni sawa na uimara wa kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vingine. Mnyororo mzuri wa milimita 8 hukatika kwa nguvu inayokaribia tani 3, lakini hauna faida ukifungwa kwenye nanga kwa waya wa kufungia nondo.

1. Nanga na mnyororo viunganishwe kwa shakeli, yaani kile kipande cha chuma chenye umbo la herufi U kinachofungwa kwa pini ya skrubu. Shakeli iwe nene kuliko mnyororo kwa daraja moja: milimita 8 kwa mnyororo wa 6, milimita 10 kwa mnyororo wa 8, milimita 12 kwa mnyororo wa 10. Ni vyema mvuvi abebe nanga na kipande cha mnyororo hadi dukani na kujaribu kabla ya kulipa, kwa kuwa pini nene wakati mwingine haipiti kwenye pete.

2. Pini ipakwe grisi na kukazwa, kisha ifungwe kwa waya laini wa zinki unaopita kwenye tundu la pini na kuzunguka mwili wa shakeli. Pini isiyofungwa hujifungua yenyewe kidogo kidogo kwa kutikiswa na mawimbi. Nanga nyingi hupotea kwa njia hii, bila pete wala kamba kukatika.

3. Kamba iungwe na mnyororo kwa kitanzi kilichosukwa juu ya pete ya chuma yenye mfereji, kisha shakeli ipite ndani ya pete hiyo. Mfereji huzuia chuma kusugua kamba. Kitanzi kilichosukwa vizuri hubakiza sehemu kubwa ya nguvu ya kamba. Fundo linaweza kupunguza theluthi yake, hata nusu.

4. Asiyejua kusuka kamba apitishe ncha mara mbili ndani ya shakeli, apige kifundo cha kwanza kupitia mizunguko yote miwili, aongeze kifundo cha pili, kisha ashone ncha kwa uzi ili isichomoke. Fundo hilo likaguliwe kila safari.

5. Ncha ya mwisho ya kamba ifungwe kwenye chombo kabla nanga haijatupwa. Kwenye chombo cha mbao, ifungwe kwenye nguzo ya omo au sehemu nyingine iliyoungana na mataruma. Ubao wa kukalia haufai. Kwenye boti ya faiba, chuma cha kufungia kamba kiwe na bamba chini yake ndani ya boti, na boliti zipite hadi kwenye bamba hilo. Skrubu zilizoingia kwenye faiba tupu hung'oka zote kwa pamoja.

6. Pale kamba inapopita kwenye ukingo wa omo, ivikwe kipande cha mpira wa maji au gunia zito.

Nanga ifungwe omoni daima. Chombo kilichofungwa kwa nyuma hupokea mawimbi upande ambao ni mfupi na wenye uzito wa mashine, na kinaweza kujaa maji kwa muda mfupi sana.

KAMBA KIASI GANI IACHIWE

Hesabu ni rahisi na inaweza kufanywa kwa mita au kwa pima. Chukua kina cha maji pale ulipo, ongeza kiasi ambacho maji yatapanda, ongeza urefu wa omo kutoka juu ya maji, kisha zidisha. Katika hali ya kawaida zidisha kwa 5. Upepo ukiwa mkali au mkikusudia kulala, zidisha kwa 7.

Mfano: chombo kimetia nanga wakati wa maji kupwa kwenye kina cha mita 4. Maji yanatarajiwa kupanda mita 3, na omo iko mita 1 juu ya maji. Jumla ni mita 8. Kwa siku ya kawaida, mnyororo na kamba pamoja ziwe mita 40, karibu pima 22. Kwa usiku wa upepo ziwe mita 56, karibu pima 31.

Nahodha aliyeangalia kina cha wakati ule tu na kuachia mita 15 ataona anashika vizuri, kwa sababu amepata mara tatu ya kina pamoja na omo. Maji yakijaa, mita 15 hizo hazifiki hata mara mbili ya mita 8. Mvuto unaelekea juu, mnyororo umeinuka wote, na nanga inaburuta wakati mabaharia wamelala. Ni vyema kamba itiwe alama ya kitambaa au rangi kila baada ya mita 5 ili hata gizani mtu ajue amefikia wapi.

Baada ya kutupa nanga, chombo kiachwe kirudi nyuma polepole kamba ikitoka, kisha kivutwe kidogo ili makucha yazame. Chagua vitu viwili nchini vilivyo kwenye mstari mmoja, kama mnazi na paa la nyumba. Vikiachana na kuendelea kuachana, nanga haijashika.

NANGA NA MATUMBAWE

Wavuvi wengi husema hawatumii mnyororo kwa sababu nanga hunasa mwambani na hawataki kupoteza vyote viwili. Hofu hiyo ni ya haki, na ina dawa. Shakeli ya mnyororo ifungwe kwenye kitako cha nanga, mahali makucha yanapokutana. Mnyororo ulazwe kando ya mti wa nanga na kufungwa kwenye tundu la juu kwa uzi mwembamba. Nanga hufanya kazi kama kawaida. Ikinasa, chombo huenda juu yake na kuvuta kwa nguvu. Uzi hukatika, na nanga huvutwa kutoka kitakoni na kutoka kinyumenyume.

Njia hiyo ni ya mchana, watu wakiwa macho. Uzi unaweza kukatika kwa upepo mkali, kwa hiyo haifai kwa kulala. Usiku ni afadhali kufunga kamba nyembamba kwenye kitako na kuiweka boya juu ya maji. Nanga ikinasa, huvutwa kwa kamba hiyo.

Lililo bora zaidi ni kutotupa nanga juu ya matumbawe hai. Mnyororo unaozunguka na chombo huvunja kwa usiku mmoja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua, na hapo ndipo samaki wadogo hujificha. Mvuvi anayevunja mwamba anajipunguzia samaki wake. Panapo kiraka cha mchanga kati ya miamba, nanga iende hapo. Panapo boya la kufungia vyombo, litumike. Mbuga za baharini za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na uvuvi hauruhusiwi ndani yake.

UKAGUZI NA UTUNZAJI

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kukagua mnyororo kunachukua muda mfupi kuliko kushona wavu uliochanika.

• Kila safari: angalia waya wa pini, fundo au kitanzi, na mahali kamba inaposuguana na omo.
• Kila mwezi: nyoosha mnyororo wote ufuoni na upitishe pete moja moja mkononi. Tafuta pete iliyopinda, iliyopasuka kwenye kiungo au iliyoliwa mahali inapogusana na jirani yake.
• Kila mwaka, kabla ya kusi: geuza mnyororo, upande uliokuwa kwenye nanga uje kwenye kamba. Pete za upande wa nanga ndizo huliwa haraka, na kugeuza huongeza maisha ya mnyororo.

Pete iliyopoteza sehemu moja ya kumi ya unene wake haifai tena. Kwa mnyororo wa milimita 8, hiyo ni pale inapobaki milimita 7.2 hivi. Kutu ya juu juu ya rangi ya chungwa si hatari kubwa, lakini kutu inayobanduka kwa magamba ni ishara ya kuubadilisha. Inapowezekana, mnyororo usuuzwe kwa maji baridi na kuanikwa. Kuuacha ndani ya maji machafu ya chombo huuharibu kuliko kuutumia.

NI JUKUMU LA NANI

Katika vyombo vingi, mwenye chombo hununua vifaa na mabaharia hugawana mavuno. Mnyororo hauonekani kuleta samaki, kwa hiyo huwa wa mwisho katika orodha ya manunuzi. Lakini chombo kikipotea, mwenyewe hupoteza mtaji na pengine hubaki na mkopo, na familia za mabaharia hupoteza watu. Ni haki ya nahodha kukataa kutoka na nanga isiyo na mnyororo, na ni faida ya tajiri kumsikiliza.

Viongozi wa BMU wanaweza kusaidia kwa kupanga siku ya kukagua nanga kabla ya kusi, kila chombo kikitandaza mnyororo wake mchangani. Wanachama wanaweza pia kununua mnyororo kwa pamoja na kukatiana kwa mita. Mzee anayejua kusuka kamba awafundishe vijana, kwani ujuzi huo haununuliwi dukani.

Mambo matano ya kuangalia kabla ya kutoka:

1. Nanga iko omoni na haijafunikwa.
2. Mnyororo haupungui urefu wa chombo.
3. Pini zote za shakeli zimefungwa kwa waya.
4. Ncha ya kamba imefungwa mahali imara.
5. Kamba inatosha kwa kina cha maji yakijaa.

Wavuvi wenye maswali kuhusu vifaa vya usalama wanaweza kufika katika ofisi ya BMU ya ufuo wao au kumwona afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo. Kabla ya kila safari, taarifa ya hali ya bahari kutoka Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa iangaliwe. Ikionya kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa, chombo kibaki ufuoni hata kama mnyororo wake ni mpya.